Mhandisi wa Kipatimu Hupatikana au Hupotea Kidato cha Tatu

Mjadala kuhusu wanawake katika sayansi na uhandisi nchini Tanzania huelekezwa zaidi vyuo vikuu na kwenye ajira, ambako idadi yao huhesabiwa na kulinganishwa na ya wanaume, ilhali uamuzi unaozaa idadi hiyo hufanyika miaka mingi kabla, katika madarasa ya sekondari za kata. Kwa utaratibu uliozoeleka nchini kwa muda mrefu, mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu huweza kuacha Fizikia na Kemia, huku Hisabati na Biolojia zikibaki za lazima. Anayeziacha huwa amejifungia, pengine bila kujua, tahasusi ya PCM, yaani mkusanyiko wa Fizikia, Kemia na Hisabati katika kidato cha tano na cha sita, ambao ndio njia kuu ya kuingia shahada ya uhandisi. Hoja ya safu hii ni kwamba, kwa kata kama Kipatimu, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, hapo ndipo fedha na juhudi zinapopaswa kuanzia.

Wilaya ya Kilwa si ngeni kwa uhandisi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 husafirishwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, linalopita chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam, inakotumika kufua umeme. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu iendayo Lindi katika eneo hilo hilo la Somanga, na abiria wa kusini wakakwama. Kazi za kusanifu madaraja, kupima mafuriko na kusimamia mitambo ya gesi zimo ndani ya wilaya, wala binti wa vilima vya Umatumbi, iliko Kipatimu, hahitaji kuzisoma vitabuni ndipo aamini kuwa zipo. Kinachohitajika ni njia ya kumfikisha huko.

Kwamba mwanamke anaweza, hilo halina ubishi tena. Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Berlin, Ujerumani, akawa Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Utafiti wake ulihusu mtiririko ndani ya bomba, na uko katika tawi la elimu linaloeleza kwa milinganyo jinsi maji, mafuta au gesi vinavyosukumana na kupoteza mgandamizo vikiwa safarini. Bomba linalotoka Songo Songo linaongozwa na kanuni za tawi hilo hilo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: jitihada zimefanyika. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kozi fupi ya kuwaandaa wasichana waliokaribia viwango vya kudahiliwa katika sayansi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini kwa wahitimu wanaotafuta usajili, na Serikali ya Norway imewahi kuwafadhili wanawake katika mpango huo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri sayansi kidato cha sita. Hata hivyo, mipango yote hii humpokea aliyekwisha kuvuka, na haimgusi aliyeziaga Fizikia na Kemia akiwa na miaka 15 au 16.

Sababu za kuziaga zinaonekana wazi katika jaribio moja la Kemia. Mwanafunzi hupewa bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo na koki chini, naye hudondosha asidi tone kwa tone katika chupa yenye besi, hadi tone moja tu ligeuze rangi ya kiashiria kutoka njano kuwa ya chungwa. Mkono hauzoei koki hiyo kwa kutazama mchoro ubaoni, na mtihani wa taifa hupima mkono pamoja na kichwa. Pale ambapo kemikali ni haba na mwalimu wa Fizikia hana nyumba ya kukaa, msichana anayetembea mwendo mrefu na kukuta ndoo ya maji na jiko vikimsubiri nyumbani ndiye huacha wa kwanza. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni, lakini anayerudi bila kupata nafasi ya kufidia majaribio yaliyompita huishia kuacha sayansi.

Wapo wanaosema ni nafuu kuwakusanya wasichana katika shule moja bora ya sayansi kwa kila mkoa, mpango ambao Serikali imeutekeleza. Shule hizo ni za manufaa makubwa, lakini Lindi ni mkoa mpana, na shule moja huchukua wachache huku walio wengi wakibaki katani.

Halmashauri ya Kilwa hukusanya ushuru wa huduma, yaani tozo inayotokana na mauzo ya kampuni zinazofanya kazi katika eneo lake, zikiwemo za gesi. Sehemu inayojulikana ya ushuru huo ingetengwa kila mwaka kwa ajili ya kemikali, nyumba za walimu wa sayansi na bweni la wasichana Kipatimu. Kisha kila Januari halmashauri itangaze, shule kwa shule, ni wasichana wangapi wameingia kidato cha tatu wakiwa bado na Fizikia na Kemia. Madiwani wakiwa na takwimu hiyo mkononi, watajua kama fedha ya gesi inazaa wahandisi au la.