Gurudumu moja porini na mkoba wa kiasi

Baiskeli ya gurudumu moja yenye tairi nene la inchi 24 husogea mita mbili na ushei kila pedali zinapozunguka mara moja. Haina mnyororo, na zilizo nyingi hazina gia. Krenki zimeshikamana na ekseli ya gurudumu, hivyo gurudumu likizunguka na miguu huzunguka, iwe ni kupanda kilima au kuteremka. Safari ya kilomita kumi ni mizunguko karibu 5,000, na hakuna hata mmoja ambao mpandaji anaweza kukaa tu akakiacha chombo kiserereke. Chochote alichopakia mgongoni asubuhi atakibeba katika mizunguko yote hiyo, huku mwili ukitafuta mizani juu ya sehemu ndogo ya mpira inayogusa ardhi. Kwa hiyo swali la abebe nini aendapo nje ya lami halitoshi kujibiwa kwa kunakili orodha ya mtu mwingine. Ninavyoona mimi, mkoba ufungwe kwa kupima mambo mawili: ni kitu gani hasa huharibika katika chombo hiki, na mtu atakuwa mbali kiasi gani na msaada kitakapoharibika. Na katika kupima huko, mwili wa mpandaji utangulie chombo chake.

Wengi wetu tumeizoea baiskeli hii katika sarakasi, ikizungushwa jukwaani na kijana anayerusha visu au mipira. Tangu miaka ya 1980 imekuwa na maisha mengine kabisa. George Peck alikuwa akiipanda kwenye njia za milima na fukwe za mawe karibu na mji wa Seward, Alaska, wakati ambapo hapakuwa na chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo. Baadaye Kris Holm wa Vancouver, Kanada, ambaye kitaaluma ni mtu wa jiolojia, aliubeba mchezo huu hadi kwenye milima ya Bhutan, na safari hiyo ikatengenezewa filamu mwaka 2002. Leo mashindano ya dunia ya Unicon yana mbio za kuteremka mlima na za kukatiza porini. Nasi huku Afrika Mashariki hatukosi mahali pa kupanda. Njia za miguu za Usambara na Uluguru zina mizizi, mawe na miteremko ya kumtosha yeyote mwenye nia, na ujuzi wa kuzihudumia tairi, beringi na spoki umejaa kwa mafundi wetu wa barazani na chini ya miembe. Kijana wetu atakayejaribu mchezo huu hataanzia sifuri.

Tuanze na kinachoharibika. Kwa miaka mingi adui mkubwa alikuwa ekseli yenyewe. Ncha zake zilichongwa pembe nne, na mpandaji aliporuka kutoka kwenye jiwe, uzito wake wote uliangukia krenki mbili zilizoshika pembe hizo. Ekseli zilijipinda na nyingine zikakatika. Watengenezaji wakahamia kwenye ekseli nene zenye meno kuzunguka ncha zake, na hitilafu hiyo ikapungua sana. Kilichobaki ni kulegea. Katika baiskeli ya kawaida mguu husukuma upande mmoja, lakini kwenye gurudumu moja mpandaji husukuma mbele ili aende na hukaza nyuma ili apunguze mwendo. Krenki inavutwa huku na huku mara maelfu, na boliti yake huanza kuachia taratibu. Dalili ya kwanza ni mlio mdogo, ‘tak’, kila mguu unapobadili nguvu. Asimame pale pale. Krenki nyingi zenye tundu la pembe nne ni za aluminiamu, madini laini kuliko chuma cha ekseli, na akiendelea kupanda ikiwa imelegea, tundu lile hutanuka na kupoteza pembe zake. Hapo haikazwi tena na fundi yeyote. Ni kununua nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibwa kwa spana moja ndogo iliyokunjwa kama herufi L, mara nyingi ya milimita nane, na kwa dakika moja ya subira.

Spana hiyo basi iwe ya kwanza kuingia mkobani, ikifuatiwa na ndogo zake zinazoingia kwenye boliti za kiti, za breki na za vishikio vya beringi. Ya pedali, aghalabu namba 15, ifuate ikiwa pedali za mpandaji zinaihitaji. Pamoja na spana abebe maarifa mawili yasiyo na uzito. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume, na zote mbili hukazwa kwa kuzungushwa kuelekea mbele. Aidha, gurudumu likifungwa kwenye fremu kwa kugeuzwa, kulia kukawa kushoto, pedali zitakuwa zinajifungua zenyewe kadiri safari inavyoendelea. Kosa hili hufanyika kirahisi kwa sababu chombo kinafanana mbele na nyuma, na mwenye kulijua hukagua herufi za kulia na kushoto zilizopigwa kwenye krenki kabla hajaondoka nyumbani.

Baada ya krenki ni tairi. Baiskeli hii haina springi, kwa hiyo tairi ndilo linalomeza mishtuko yote. Wapandaji huliacha lilegee kidogo ili lilale juu ya mawe na mizizi, lakini likilegea kupita kiasi, jiwe kali huibana tyubu dhidi ya rimu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Kwenye nyika zetu kuna pia miba ya migunga, isiyochagua tairi gumu wala laini. Hapa ufundi wa mitaani unafaa kuliko kifaa chochote cha bei kubwa. Kuziba pancha hakuhitaji kulitoa gurudumu kwenye fremu. Tairi hubanduliwa upande mmoja kwa vijiti viwili vya plastiki, tyubu ikavutwa nje, ikajazwa upepo na kupitishwa polepole karibu na mdomo au shavu mpaka ubaridi wa hewa uonyeshe tundu lilipo. Kisha ni msasa, solusheni iachwe ikauke kidogo, na kiraka kikandamizwe kwa kidole gumba. Kabla ya kuirudisha tyubu, ndani ya tairi papapaswe kwa uangalifu, maana mwiba uliosababisha pancha ya kwanza mara nyingi ungali pale ukingoja ya pili. Kwa hayo yote vinatosha pampu ndogo, vijiti viwili, viraka, solusheni, msasa, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani iwapo tairi lenyewe limechanika.

Hadi hapo vifaa vyote vinaenea kwenye kitambaa kimoja kilichokunjwa. Sasa tuje kwenye mwili. Mpandaji wa gurudumu moja huanguka mara nyingi, na kwa kawaida hutua kwa miguu yake na kuendelea. Isipowahi miguu hutangulia mikono, ndipo vifundo vya mikono na viwiko vinapoumia. Ugoko nao huchanwa na vyuma vidogo vinavyotokeza kwenye pedali ili kukishika kiatu. Kofia ngumu, glavu za kulinda vifundo, na kinga za magoti na ugoko si mzigo wa mkoba, huvaliwa tangu hatua ya kwanza. Mkobani viwemo vya kutibia kile ambacho kinga zimeshindwa kuzuia: bendeji moja ndefu, shashi safi, plasta, na kitambaa kipana. Kipande cha kanga kinafanya kazi tatu, kwani hutundika mkono ulioteguka shingoni, hufunga kifundo cha mguu na hukandamiza jeraha linalotoka damu. Maji ya kunywa yafikie angalau nusu lita kwa kila saa, na yaongezwe siku ya jua kali. Maji hayo hayo ndiyo yatakayoosha kidonda chenye mchanga. Filimbi na tochi ndogo zikamilishe, kwa sababu karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya jua kuzama, na anayetembea porini bila mwanga huongeza ajali ya pili juu ya ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba hofu yote hii haina msingi. Chombo hiki ni rahisi, hakina mnyororo wa kukatika, na kikiharibika mtu atakibeba begani arudi nyumbani kwa miguu. Hoja hii ina ukweli, nami naitumia kukata orodha, kwani ndiyo inayonifanya niseme mpandaji asibebe spoki za akiba wala tairi la pili. Lakini inadhani kwamba mguu utakuwa mzima. Mwenye tairi lililopasuka kilomita saba kutoka barabarani atatembea saa moja na nusu, au mbili njia ikiwa mbaya, atafika amechoka na habari itaishia hapo. Aliyeteguka kifundo cha mguu mahali hapo hapo hawezi kutembea hata kidogo, na fremu nzima iliyo kando yake haimsaidii. Kwa hiyo anayelazimika kuchagua kati ya spana ya tatu na bendeji, achukue bendeji. Urahisi wa chombo umempunguzia vyuma, nafasi iliyobaki aipe afya yake.

Wengine watasema simu inatosha. Simu ni ya lazima, nayo ichajiwe na ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Ila mabonde mengi ya milimani hayana mtandao, na hata pale ulipo, simu huita msaada, haizuii damu wakati msaada uko njiani. Filimbi haihitaji mnara wala betri, na sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu anayepiga kelele huku ana maumivu. Bora kuliko zote mbili ni jambo la kufanywa kabla ya safari: kumwambia mtu aliyebaki nyumbani njia itakayofuatwa na saa ya kurudi.

Kuna pia wanaokwenda upande wa pili na kubeba karakana nzima kwa kuwa huwezi kujua. Haba na haba hujaza kibaba, na nyundo, koleo, tyubu tatu na chupa ya mafuta vikikutana mgongoni huwa kilo kadhaa zinazoyumba juu ya kiuno na kuvuta mizani nyuma. Chuma kilichokaa katikati ya mgongo ni hatari yenyewe siku mtu atakapoangukia mgongo. Kisa cha Ed Pratt, kijana wa Kiingereza aliyeizunguka dunia kwa gurudumu moja kati ya 2015 na 2018, zaidi ya kilomita 33,000, kinaweza kutajwa kupinga maneno yangu, kwa kuwa alibeba mizigo mingi. Nakiona kama ushahidi wa upande wangu. Alikuwa siku nyingi mbali na kwao, akilala njiani na kupita nyika zisizo na duka, na kwa umbali wa namna ile mkoba mzito ulikuwa sahihi. Tena sehemu kubwa ya mizigo aliitundika kwenye chombo chenyewe, chenye gurudumu la inchi 36. Anayekwenda asubuhi na kurudi adhuhuri ana umbali mwingine, kwa hiyo ana mkoba mwingine.

Suala la bei ni la haki, maana vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya michezo si vya kila mfuko. Lakini karibu kila nilichokitaja kipo kwa fundi wa baiskeli na kwenye duka la dawa la mtaani. Vipande vya tyubu kuukuu, vile vinavyofungia magunia kwenye keria za baiskeli, huzifunga spana zisigongane na hushikilia kiti kilichovunjika mpaka nyumbani. Gharama ya kweli ni mazoezi. Pampu isiyoingia kwenye valvu ya tairi lako na kiraka usichowahi kukibandika ni uzito mtupu. Kijana akae uani siku moja kabla ya safari, atoboe tyubu kuukuu kwa makusudi na kuiziba, akaze kila boliti, ajifunge bendeji kwa mkono mmoja. Kitakachomshinda uani hakitamsaidia porini. Mkikwenda kundi, spana na pampu zigawanywe, lakini maji na bendeji kila mtu awe na vyake, kwa sababu huenda atakayeumia ndiye aliyetangulia au aliyebaki nyuma.

Mkoba wa kiasi hicho, pamoja na lita moja na nusu ya maji, hauzidi kilo tatu. Vyuma vyake hukaa chini kabisa vikiwa vimeviringishwa kwenye kitambaa, na maji hukaa mahali ambapo mkono unafika bila kushuka. Nusu ya uzito ni maji, nayo hupungua kwa kila kituo, hivyo mpandaji anayerudi amechoka anarudi na mzigo mwepesi kuliko alioondoka nao.