Daraja la Kuelekea Al-Aqsa

Wazazi wanaoniuliza kuhusu ziara ya Al-Aqsa huanza na nauli, daraja hulisahau. Kutoka Amman msafiri huvuka Mto Jordan kwa basi, juu ya daraja ambalo Jordan huliita la Mfalme Hussein na Israel huliita Allenby. Ng'ambo ndiko kwenye mahojiano: jina la baba, la babu, kazi, mtakakofikia. Kijana mmoja wa msafara wetu, Muhammad kwa jina (kama nusu ya msafara!), aliwekwa kando tangu asubuhi. Sisi tulikwishapewa vibali, basi linanguruma. Mama yake akakataa kupanda. Tukashusha mizigo, tukaketi naye hadi kijana alipoachiwa, Alasiri imeshaingia. Basi waandaeni vijana wenu: wajibu kweli, kwa ufupi, bila mzaha. Na mkubaliane kabla ya safari nani atabaki na nani.