Umefika Wapi?

Wiki iliyopita kwenye semina, mwenzangu alikuwa anaeleza safari yake ya kukusanya data katika kijiji kimoja bonde la Kilombero. Akasema, "When we reached, the houses were empty." Walipofika, nyumba zilikuwa tupu. Mhadhiri akamkatiza: "You reached where?" Neno "reach", akatufundisha, lazima lifuatwe na mahali, kama hutaji mahali, sema "arrive". Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo maana naandika. Mwenzangu hakufungua tena mdomo mpaka kipindi kikaisha.

Haya, tuliangalie hilo "arrive". Limeingia Kiingereza kupitia Kifaransa, na asili yake ni Kilatini: ndani yake mna neno ripa, yaani ukingo wa mto. Mwanzoni lilimaanisha kufikisha chombo ukingoni. Leo Mwingereza ana-"arrive" kwa ndege, kwa treni, hata barua pepe zake zina-"arrive", na hakuna anayemuuliza mto uko wapi. Wao wamelivuta neno watakavyo. Sisi tukiacha kutaja mahali baada ya "reach", kama wanavyofanya Wahindi na Wanaijeria, tunaonekana hatukusoma!

Mimi ni wa Ifakara. Kabla ya daraja la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018, ukienda Mahenge ulivuka Mto Kilombero kwa pantoni. Ukishuka ng'ambo, kwa Kilatini ulikuwa ume-"arrive" kabisa. Lakini ukimpigia mama simu pale ukasema "nimefika", umemdanganya. Pale unasema "nimevuka". Kuna Lupiro bado, kuna milima bado. Pantoni ilipozama Januari 2016, mama akaanza kudai simu mbili, ya kuvuka na ya kufika. Nikisema "nimefika" hakuniuliza wapi. Alichouliza ni "umefikia kwa nani?", ajue nalala nyumba gani. Hilo sijui kwa "arrive" ungeliulizaje.

Sisemi tasnifu ziandikwe ovyo. Kwenye karatasi, kalamu nyekundu ifanye kazi yake. Ila mtu ametoka bondeni anasema amekuta nyumba tupu, kijiji kizima, na msomi mwenye shahada ya uzamivu anataka kujua yambwa iko wapi. Mpaka leo hakuna aliyemuuliza watu wale wamekwenda wapi.