Kisomo Hakizuii Hospitali



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu zetu katika imani, leo tunazungumza na wazazi juu ya jambo ambalo sisi walimu wa madrasa tuna fungu letu la lawama.

Msimu wa mvua uliopita, hapa Buyenzi, Bujumbura, mtoto wetu wa miezi 14 alishikwa na mafua. Siku ya tatu homa ilipanda na kifua kikaanza kukorota. Tulimsomea, tukamwandikia kombe. Usiku mama yake akasema, "Baba watoto, huyu mtoto hapumui vizuri, twende hospitali." Tukamwambia asubiri tuswali alfajiri kwanza. Bibi yake naye akataka aitwe mzee wa kukata kimeo. Alhamdulillah, mama hakusubiri. Alimbeba mtoto mgongoni akatoka, nasi tukamfuata kwa aibu.

Muuguzi alimfunua nguo, akatazama saa, akahesabu dakika nzima: pumzi 66. Akatuonyesha jinsi sehemu ya chini ya kifua ilivyokuwa ikibonyea ndani kila mtoto akivuta pumzi. Ilikuwa nimonia kali. Alitiwa mrija wa oksijeni puani, akachomwa sindano, akalazwa siku 6.

Kitanda cha pili alilazwa mtoto aliyekatwa kimeo nyumbani siku mbili kabla. Alifika na nimonia ile ile, na juu yake kidonda kinachotoa damu kooni. Alifariki usiku uliofuata. Allah amjaalie awe mtangulizi mwema kwa wazazi wake. Baba yake alituuliza, "Sheikh, ningemleta mapema?" Hatukuwa na jibu, maana sisi wenyewe tulikuwa karibu kufanya kama yeye.

Ndugu wazazi, hakuna anayekataza kisomo. Dua ni silaha ya Muumini. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu matibabu, aliamrisha watu wajitibu, akafahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Naye bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kumtegemea Mola alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Je, ngamia afungwe, na pumzi ya mtoto iachwe hivi hivi?

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka 5. Kimeo hakisababishi nimonia. Ugonjwa uko mapafuni, na kukikata hakuutoi.

Kila mzazi anaweza kujifunza kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, tazama kifua chake dakika 1 kamili. Anapumua haraka mno ikiwa:

- chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi;
- miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi;
- mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani, midomo ikigeuka rangi, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea au akipata degedege, usingoje hata adhana. Swala ina wakati wake, na njiani dua haifungwi. Usimpe vidonge vilivyobaki vya ndugu yake. Mkamilishie chanjo, na jiko la makaa lisiwashwe ndani anamolala.

Wapo wanaoogopa gharama. Hapa Burundi, mwaka 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5. Basi uliza kituoni kabla ya kukata tamaa.

Nasi walimu, tunaoletewa watoto kabla ya daktari, tuna amana. Mama akija na mtoto anayehema, tumsomee akiwa njiani kwenda hospitali, wala tusimkalishe barazani tukitafuta zafarani. Na akina baba, mama akisema mtoto hapumui vizuri, tumsikilize. Yeye ndiye analala naye kifuani.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awaponye watoto wetu wagonjwa, na atusamehe kwa yale tuliyochelewa.

Wabillahi tawfiq.