Miji miwili inatosha (Sehemu ya 3)

Baada ya sehemu ya pili, ile ya masikio ya mtoto kwenye ndege, wengi mmenitumia ratiba zenu za likizo ya Asia. Nimezisoma zote. Leo nasema ninachoamini, atakayekasirika anisamehe: nyingi si ratiba za familia. Ni za kijana mmoja mwenye begi la mgongoni.

Moja ilikuwa hivi: Bangkok, Phuket, Kuala Lumpur, Singapore, Hong Kong, halafu Dubai wakati wa kurudi. Siku 12. Mtoto wa miaka 3 na mwingine wa miezi 10. Jamani!

Tupige hesabu. Siku ya kuhama mji si siku ya likizo. Unafunga mabegi, teksi, unafika uwanjani saa mbili au tatu kabla, unaruka, foleni ya uhamiaji, unasubiri mabegi, teksi tena, hotelini unaambiwa chumba hakijawa tayari. Hata Kuala Lumpur kwenda Singapore, ambako ndege inaruka kama saa moja tu, nusu siku imekwenda. Miji sita ni kuhama mara tano. Weka siku ya kufika na ya kurudi: siku saba kati ya 12 mko njiani.

Na mwili wa mtoto nao una saa yake. Bangkok wako mbele yetu kwa saa nne, Singapore na Kuala Lumpur saa tano. Akilala saa mbili usiku huku, kule tayari ni saa sita au saba usiku. Anahitaji siku kadhaa kuzoea, na wewe unamhamisha tena.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Miaka mitatu iliyopita mimi na baba watoto tulipanga Bangkok, Kuala Lumpur na Singapore kwa siku kumi. Siku ya sita, tukiwa Kuala Lumpur, mdogo aliamka na homa ya nyuzi 39. Ndege saa tano asubuhi, tiketi za bei rahisi, hela hairudi. Mimi nesi, ninayewasema wazazi wodini kila siku, nilimpa parasetamo, nikasubiri ishuke, nikamvalisha viatu.

Tukiwa mlangoni baba watoto akaniuliza, "Huyu angekuwa mtoto wa mgonjwa wako, ungemruhusu apande?"

Nikamvua viatu. Tukapoteza tiketi nne, na kurudi nyumbani tukalipia kubadili tarehe. Kipimo kikaonyesha dengue. Sisi tuliofanya kazi Dar wakati wa mlipuko wa 2019 tunajua kwamba homa ikishuka ndipo uangalie zaidi. Ilishuka siku ya kumi, tumbo likaanza kuuma, akatapika, akawekewa dripu. Siku hiyo ndiyo tulipaswa kuwa angani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Una mtoto chini ya miaka mitano? Miji miwili, usiku nne au zaidi kila mji. Ingia kwa Bangkok, toka kwa Singapore, usirudi ulikotoka. Acha siku moja tupu katikati, hiyo ni ya mtoto kuugua au wewe kulala.

Tiketi za kuunganisha ziwe kwenye hati moja. Ukinunua mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji. Na Bangkok ina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang. Soma vizuri.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, cheti huanza kutambulika baada ya siku 10. Ulishachoma zamani? Tangu 2016 cheti ni cha maisha, kitafute tu. Mtoto chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, ongea na daktari na ubalozi kabla ya kulipia chochote.

Mbu wa dengue anauma mchana, mpake mtoto dawa ya mbu inayofaa umri wake. Homa ikija kule, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, usimpe ibuprofeni wala aspirini, na mpeleke akapimwe.

Najua mtasema tiketi ni ghali, tukishafika tuone vyote. Nawaelewa, hela yenyewe tumeiwekeza kwa vikoba. Lakini ratiba iliyobana ndiyo iliyonifanya mimi, nesi, nimvalishe viatu mtoto mgonjwa. Ikiwa na nafasi, hutafika kwenye mtihani huo.

Sehemu ya nne: begi la dawa, kitu kwa kitu. Mtumie mama mwenzio anayepanga safari kabla hajalipa.