Umeme Ukizimika, Si Lazima Mtandao Uzimike



Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze jambo moja linalotupotezea fedha na wakati. Shule zetu hapa Kamembe zikitaka kulinda intaneti umeme unapozimika, hukimbilia kununua jenereta, au lile kasha la akiba liitwalo UPS. Mimi, niliye mwanafunzi wa zamani na fundi wa vyombo hivi, nasema hiyo si dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni betri iliyoungwa na vyombo vya mtandao bila kuugeuza umeme wake.

Wengine hushangaa kwamba umeme unakatika kwetu. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu papa hapa mlangoni petu, nao unaendesha mtambo wa umeme tangu miaka ya 1950, na mtambo wa pili, wa Rwanda, Burundi na Kongo pamoja, tangu 1989. Lakini kukaa karibu na mtambo si kinga. Umeme husafiri juu ya nguzo, na nguzo ni shabaha ya radi. Uchunguzi wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Kabare, ng'ambo ya pili, ndiyo ya kwanza katika Afrika kwa wingi wa radi: mimweko 205 katika kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Jirani wa Kabare ni sisi, na radi haionyeshi pasipoti mpakani.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Ukutani kuna umeme wa volti 230, unaogeuka-geuka. Lakini ruta, na kile kisanduku cha faiba, na swichi nyingi ndogo, mara nyingi hula volti 12 tu, za umeme uendao upande mmoja kama ule wa betri. Adapta iliyochomekwa ukutani ndiyo inayougeuza. Je, UPS hufanya nini? Huchukua umeme wa betri iliyo tumboni mwake, huupandisha hata volti 230, kisha adapta huushusha tena hata volti 12. Ni kama mtu wa Kamembe aendaye soko la Kamembe, naye akavuka mpaka hadi Bukavu, akarudi, ndipo akaingia sokoni. Kila mgeuzo hula sehemu ya umeme, na sehemu hiyo huwa joto la bure.

Tufanye hesabu. Tuseme ruta inakula wati 12, kisanduku cha faiba wati 6, na swichi wati 12: jumla wati 30. UPS ndogo ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, utapata wati-saa 84. Hata ungezimaliza zote hazifiki saa 3, na kwa kweli hupati hata hizo. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi, tumia nusu tu ili isife mapema: 600. Gawanya kwa 30, ni saa 20. Hata tukitoa sehemu kwa ajili ya waya na vidhibiti, zinabaki saa za jioni nzima na usiku kucha.

Na jenereta? Inafaa kwa jiko na taa za mabweni. Lakini kuiwasha kwa ajili ya wati 30 ni kuchinja ng'ombe kwa supu ya mtu mmoja.

Wako wanaosema, "Hata mkiweka betri, mnara nao utazimika." Watu wa simu walilitatua jambo hilo zamani. Vituo vya simu vilijengwa juu ya betri za volti 48, zinazochajiwa wakati wote. Ndiyo maana simu ya waya iliweza kusema ndani ya nyumba yenye giza. Minara mingi ya leo inafuata njia hiyo hiyo. Basi mara nyingi mnara ungali hai, na kilichokufa ni kisanduku chetu cha ofisini.

Nani huumia? Katika shule moja, ambayo sitaitaja, niliona wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakipanga foleni mjini, kila mmoja akilipa ili ajaze maombi ya chuo, kwa kuwa mtandao wa shule ulikuwa umezimika. Mwenye fedha alijaza siku ile. Asiye na fedha alirudi bwenini kungoja umeme. Shule ambayo imewavika wote sare moja haifai kuwatenga hivyo kwa sababu ya wati 30.

Sisemi kwamba kazi hii haina masharti. Kwanza, chaja iwe ya aina ya betri ile, tena iweze kulisha vyombo na kujaza betri kwa pamoja. Pili, fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Tatu, pawe na kidhibiti cha kushika volti 12, kwa maana betri inayochajiwa hupanda hata kufika volti 14, na vyombo vingine havivumilii. Nne, pawe na kikatio cha kuizuia betri isinyonywe mpaka mwisho. Tano, waya uwe mnene. Ampea 2.5 zikienda mita 10 katika waya wa milimita mraba 0.5, hupotea volti 1.75 njiani, katika waya wa 2.5, hupotea 0.35 tu. Sita, betri ya risasi ikae penye hewa, kwa kuwa hutoa haidrojeni. Wala msitumie betri ya gari, ambayo kazi yake ni kuwasha injini.

Wadogo zangu mlioko shuleni, hesabu hizi zimo katika masomo yenu ya fizikia. Mwombeni mwalimu awasimamie, mpime, mchore, mfunge. Nasi wanafunzi wa zamani, tunapochangia shule hupenda kutoa kitu kionekanacho: kikombe cha michezo, au ubao wenye majina yetu. Betri hukaa kabatini wala haisomwi jina na mgeni yeyote. Naomba mchango wetu ujao uwe huo. Akiba haiozi.

Wenu,
Mwanafunzi wa zamani, Kamembe