Filamu za picha: wanauza hamu ya zamani, wanasahau kilicho na faida

Mwaka 2025, kampuni ya Marekani Eastman Kodak ilirudisha sokoni jina la zamani, Kodacolor. Ni filamu mbili za rangi, moja ya 100 na nyingine ya 200, za kutia katika kamera ya milimita 35, ile ya kufungua kwa nyuma na kuvuta mkanda kwa kidole. Kijana wa Goma ao Bukavu aliyezaliwa na simu mkononi anaweza kucheka: ni sawa na kuuza taa ya petroli katika nyumba yenye umeme. Lakini wanunuzi wapo, tena wengi wao ni vijana.

Jambo la kushangaza si kwamba filamu imerudi. Ni namna inavyouzwa, na kile ambacho wauzaji wameacha kusema.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kwa miaka mingi Kodak iliishi kwa imani hiyo. Mwaka 1975 injinia wake Steven Sasson alitengeneza kamera isiyohitaji filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo zaidi ya tatu na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Wakubwa wake hawakuikimbilia, kwa sababu faida ya kampuni haikutoka katika kamera. Ilitoka katika filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha, vitu ambavyo mteja anapashwa kununua tena na tena. Mwezi wa kwanza mwaka 2012, Kodak iliomba mahakama iilinde juu ya madeni. Filamu yake mashuhuri Kodachrome ilikuwa imekufa tangu 2009. Polaroid nayo ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu zake za papo kwa papo, na kikundi kidogo cha watu ndicho kilichookoa mashine za kiwanda cha mwisho kule Enschede, Uholanzi.

Fujifilm ya Japani ilichukua njia nyingine, na hapo ndipo kuna somo. Kamera yake Instax, inayotoa picha ya karatasi hapo hapo, ilitoka mwaka 1998. Mwaka 2002 iliuza karibu kamera milioni moja, kisha mauzo yakaanguka hadi karibu laki moja kwa mwaka. Kampuni nyingi zingefunga. Fujifilm ilibadilisha maneno yake. Iliacha kushindana na simu juu ya uzuri wa picha, maana hapo ingeshindwa tu. Ikauza kitu cha kushika: kikaratasi kidogo kama kadi ya benki, cha kumpa rafiki siku ya sikukuu. Baadaye ikatoa mashine ndogo inayochapisha picha za simu kwenye filamu ile ile. Adui akageuzwa kuwa mlango wa duka. Kufikia mwaka 2025, kampuni hiyo ilisema imepita milioni 100 ya Instax zilizouzwa.

Mitandao ya kijamii ilisaidia bila kuombwa. Instagram ilipoanza mwaka 2010, ilikuja na picha za mraba na rangi za kuiga filamu za zamani. Kuiga kule kuliwafanya watoto wa dijitali waulize kitu chenyewe kikoje. Leo kijana wa London anapiga picha kwa filamu, labo inaisafisha, inampatia faili kwa intaneti, naye anaitupa Instagram. Yeye ndiye tangazo, na hakulipwa hata franka moja.

Wauzaji waliofaulu zaidi katika mambo haya ni wale waliosema ukweli. Harman ya Uingereza, yenye kutengeneza filamu nyeusi na nyeupe za Ilford, ilitoa mwaka 2023 filamu yake ya kwanza ya rangi, Phoenix. Haikuificha: ilisema wazi kwamba ni ya majaribio, yenye chembe nyingi, na kwamba pesa za wanunuzi zitasaidia kutengeneza iliyo bora. Watu walinunua kasoro hizo kwa macho wazi. Ni mara chache mfanyabiashara kuonyesha mwenyewe tundu la gunia lake.

Lakini matangazo mengine ni hamu ya zamani tu: pwani, jua la jioni, gari kuukuu. Hamu hiyo si ya kila mtu. Kwa miaka mingi, labo zilipima rangi za filamu kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Mtu mweusi aliyepigwa picha pamoja na wazungu alitoka kama kivuli chenye meno. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na meza za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri, yalikuwa kati ya mambo yaliyosukuma Kodak kurekebisha filamu zake. Mbao kwanza, sura za watu baadaye. Kampuni inayouza leo uzuri wa zamani ingefanya vema kukumbuka kwamba zamani hiyo haikumwangaza kila mtu.

Tena Kongo inaijua kamera kwa sababu nzito kuliko jua la jioni. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, akiwa ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa wakati wa mateso ya mpira. Picha kama hizo zilizungushwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani. Mwaka uliofuata mwandishi Mark Twain alitoa kijitabu kinachomwonyesha mfalme Leopold wa Pili akinung'unika juu ya Kodak, shahidi asiyekubali rushwa. Hakuna tangazo lililolipiwa ambalo limewahi kuisifu kamera hivyo. Na maisha ya usiku ya Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960 yanaonekana hadi leo kwa sababu Jean Depara aliyapiga kwa filamu na negative zake zikabaki.

Kubaki: hiyo ndiyo bidhaa ambayo wauzaji wanaitaja kidogo sana, labda kwa sababu haing'ai kwenye Instagram. Familia inayokimbia Masisi ao Rutshuru ikipoteza simu njiani, mara nyingi imepoteza sura ya marehemu baba na siku ya harusi pamoja. Karatasi inalowa na kuungua, ni kweli. Lakini haidai neno la siri, wala chaji, wala mega za intaneti.

Kwa mkaaji wa Uvira ao Butembo, kurudi kwenye filamu si shauri la kumpa mtu. Filamu ya rangi ya picha 36 mara nyingi inapita dola 10 huko Ulaya na Marekani, kabla ya kusafishwa. Hata akiipata, atauliza nani ataisafisha. Kampuni zinazopandisha bei huku zikiimba kwamba filamu ni ya wote zinajidanganya.

Ila hoja ya kubaki haihitaji Kodak. Mpiga picha wa harusi anayetuma faili 300 kwa WhatsApp, zikiwa zimebanwa na kupoteza ubora, ameuza kazi yake na kuacha nje sehemu ambayo Instax inaiuza kwa mamilioni. Mama wa bibi harusi akimuuliza picha tatu za karatasi za kutundika ukutani ni bei gani, wengi wao wanabaki wakikuna kichwa, kwa maana hesabu hiyo hawajawahi kuifanya.